Je, wajua? Ini linaweza kujaa shaba huku damu ikionyesha upungufu

Msimu mmoja nilikuwa uani kwa mama mdogo, Mikindani, tukibangua korosho. Yeye anagonga ganda, mimi natoa kokwa, mikono tumeipaka majivu mafuta ya ganda yasitubabue. Nikajifanya mjuzi. Nilikuwa nimesoma kwamba korosho zina shaba nyingi, kama miligramu 2 katika kila gramu 100, na mtu mzima anahitaji miligramu 0.9 tu kwa siku. Nilikuwa nimesoma pia juu ya ugonjwa wa Wilson, ugonjwa wa kurithi ambao shaba hulundikana kwenye ini mpaka linaharibika. Nikaunganisha mawili hayo. “Mama, wagonjwa hao wamezidisha vitu kama hivi,” nikamwambia. “Ukiwapima damu utaikuta shaba imejaa tele.”

“Mbona sisi tunazila tangu utoto?”

Sikuwa na jibu. Na kumbe nilikuwa nimekosea mara mbili.

Kosa la kwanza halina maneno mengi. Ugonjwa huu hauletwi na chakula, wala na uraka, pombe ya mabibo, ingawa kwetu mtu akivimba tumbo na macho yakawa ya njano, minong'ono huanzia kwenye mabibo. Daktari Samuel Alexander Kinnier Wilson aliueleza mwaka 1912, na jeni yenye hitilafu, ATP7B, ikatambuliwa mwaka 1993. Mgonjwa hurithi nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kwa mama, nao wazazi wenyewe kwa kawaida ni wazima.

Kosa la pili ndilo tamu.

Lifikirie ini kama ghala la chama cha msingi wakati wa minada. Malori yanashusha korosho mlango wa mbele: hiyo ni shaba ya chakula, ikitoka utumboni. Ndani yupo karani mmoja mwenye kazi mbili. Ya kwanza, kujaza magunia, kuyashona na kuyapiga chapa, yaende bandari ya Mtwara. Ya pili, mzigo ukizidi, kuutoa kwa mlango wa nyuma. Karani ni protini inayotengenezwa na jeni ya ATP7B. Magunia yenye chapa ni seruloplazmini, protini inayobeba sehemu kubwa ya shaba iliyomo kwenye damu. Mlango wa nyuma ni nyongo, inayoipeleka shaba ya ziada mpaka chooni.

Sasa karani hayupo, au yupo lakini kazi haiwezi. Malori hayana habari, yanaendelea kushusha. Mlango wa nyuma haufunguliwi. Mzigo unafika darini, kuta zinaanza kupasuka. Na aliyekaa bandarini anaona nini? Magunia mawili matatu. Atapiga simu aseme mwaka huu korosho hakuna.

Bandari ni damu. Hapo ndipo nilipokuwa nimekaa mimi.

Seruloplazmini iliyokosa shaba huvunjika ndani ya saa chache, badala ya kudumu siku kadhaa. Kwa hiyo jumla ya shaba kwenye damu ya mgonjwa mara nyingi hushuka chini ya kawaida, ilhali ini limefurika. Kinachovuja ghala likipasuka ni korosho zisizo na gunia: shaba huru, inayokwenda kwenye ubongo, kwenye macho na kwenye mkojo. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dumu akusanye mkojo wa saa 24 nzima. Ikipatikana zaidi ya mikrogramu 100 za shaba, shaka inakuwa nzito. Macho nayo humulikwa kutafuta pete ya rangi ya kahawia au kijani kwenye ukingo wa konea, utando angavu ulio mbele ya mboni.

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha, lakini. Ujauzito au uvimbe mwilini hupandisha seruloplazmini, ikaonekana ya kawaida kwa mgonjwa. Pete hukosekana kwa wengi ambao ugonjwa wao uko kwenye ini tu. Hata ile hesabu maarufu ya mtu 1 kati ya 30,000 ni makadirio ya zamani kutoka nje ya Afrika. Kuileta Lindi au Mtwara kama ilivyo ni kukisia. Kinachohesabika vizuri ni ndugu: kila ndugu wa mgonjwa, wa baba na mama mmoja, ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa nao, hata akiwa mzima wa kucheza mpira, na akipimwa mapema dawa huweza kuliwahi ini. Dawa zipo: penisilamini, iliyoanza kutumika mwaka 1956, hutoa shaba kwa mkojo, na zinki huizuia isifyonzwe utumboni. Ni za maisha yote.

Niliporudi na masahihisho yangu, mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho. “Kwa hiyo korosho nile, nisile?”

Mgonjwa huambiwa akae mbali nazo, pamoja na maini, chaza na chokoleti, hasa mwaka wa kwanza wa tiba. Yeye ale tu.

Akanisogezea sahani ya zilizovunjika. Nzima ni za kuuza.