Mwana wa mfungwa: tunayoyasema na yaliyo kweli

Malindi ni mji mdogo. Mtu akikamatwa asubuhi, mchana habari imeshafika mitaa ya Barani na Kisumu Ndogo, na jioni mwanawe ameshaulizwa maswali na wenzake. Kwa miaka kadhaa nimejitolea kuwa na watoto kama huyo, mmoja mmoja, saa mbili kila Jumamosi. Maneno ninayoyasikia kuwahusu ni yale yale. Mengine husemwa kwa ukali, mengine kwa huruma, na yote humfikia mtoto.

"Mwana wa nyoka ni nyoka"

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu limeshavaa hata kanzu ya kitaalamu. Utasikia watu wakisema kwamba mtoto wa mfungwa yuko katika hatari mara sita zaidi ya kufungwa naye. Dai hilo limezagaa kutoka Marekani, na halina utafiti wa kulithibitisha. Mwaka 2012 Joseph Murray, David Farrington na Ivana Sekol walichapisha uchambuzi wa tafiti 40. Waliona kwamba watoto hawa wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wakorofi na kuvunja sheria, na hilo tusilifiche. Lakini tafiti zilizofanywa kwa umakini mkubwa hazikuonyesha hivyo kwa matatizo ya akili, wala dawa za kulevya, wala kufeli shule.

Na huo ukorofi hautoki kwenye damu. Tazama yanayofuata baba akichukuliwa: kodi inashindikana, nyumba inahamwa, watoto wanagawanywa kwa bibi na kwa shangazi, shuleni hakuna anayetaka kukaa dawati moja na "mtoto wa mwizi". Isitoshe, wengi walio ndani ni mahabusu ambao kesi zao bado zinasikizwa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike vingine. Mtaani tunamhukumu siku ya kwanza, na mwanawe tunamhukumu pamoja naye.

"Mwambie mama kaenda Saudia"

Nawaelewa wanaosema hivi. Ni uongo wa mapenzi, na hapa kwetu unaaminika, maana kina mama wengi kweli wako Uarabuni wakifanya kazi. Ila watoto hawadanganyiki muda mrefu. Msichana mmoja wa miaka tisa aliniuliza kwa nini mama yake hatumi sauti kwenye simu kama mama wa rafiki yake aliyeko Riyadh. Nikanyamaza. Akaendelea mwenyewe: alikuwa ameshaambiwa zamani na watoto wa madrasa. Alikuwa akijifanya hajui ili bibi yake asilie.

Fikiria mzigo huo. Mzee amemficha mtoto ukweli, mtoto naye amemficha mzee kwamba anaujua, na katika nyumba hiyo hakuna anayeweza kumtaja mama kwa sauti. Mtoto aliyefichwa ukweli hujijazia mwenyewe, na mara nyingi hujilaumu: pengine ningekuwa mtiifu asingeondoka. Ukweli unaomfaa mtoto ni mfupi. Mama yuko gerezani. Hukusababisha wewe. Yuko hai, na anakukumbuka. Lakini anayepaswa kuusema ni wa nyumbani, si mimi niliyekuja kujitolea. Kazi yangu baada ya siku ile ilikuwa kukaa na bibi kwanza, na ilichukua Jumamosi tatu.

"Gerezani si mahali pa kumpeleka mtoto"

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia 1990, unampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi wake haki ya kuwasiliana naye mara kwa mara, isipokuwa pale mawasiliano yanapomdhuru. Hiyo "isipokuwa" ina uzito wake: kama mzazi ndiye aliyemuumiza, au mtoto mwenyewe hataki, asilazimishwe. Kwa wengi, lakini, kumwona baba kwa macho kunaondoa picha za minyororo na giza wanazojichorea usiku. Kinachowazuia mara nyingi ni nauli. Kama baba yuko gereza la Shimo la Tewa, Mombasa, ni safari ya kama kilomita mia moja kwenda, kisha kurudi, na bibi mwenye wajukuu wawili atachagua unga. Ndipo barua na michoro inapofaa.

"Mimi sina pesa wala elimu ya kumlea mtoto wa mtu"

Huhitaji. Tunakula mahamri na mbaazi, tunafanya hesabu za shule, tunatembea ufukweni. Siku ya kwanza usibebe zawadi.

"Hata ukienda mara moja moja, ni thawabu"

Hapa naomba unisikilize vizuri. Jean Grossman na Jean Rhodes walichunguza uhusiano wa aina hii Marekani na kuchapisha matokeo yao 2002. Watoto waliokaa na mtu mmoja mwaka mzima au zaidi ndio waliofaidika zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulikatika ndani ya miezi mitatu walishuka katika namna walivyojithamini. Yaani kuna kujitolea kunakomdhuru mtoto. Huyu ameshaachwa mara moja. Wewe ukija wiki mbili, ukapiga picha, ukapotea, umemthibitishia kwamba watu huondoka. Kama huwezi mwaka, usianze na mtoto. Changia nauli ya bibi.

"Mtu mwema hachunguzwi"

Ripoti ya UNICEF na serikali ya Kenya ya 2006 ilieleza jinsi watoto wa Pwani, Malindi ikiwemo, wanavyotumiwa kingono. Kwa hiyo cheti cha polisi cha mwenendo mwema, barua ya wanaokujua, afisa wa watoto kujua unachofanya, na kukutana barazani mbele ya watu si matusi kwa yeyote. Ukiona jambo baya, piga 116 bila malipo.

"Baba akitoka, kazi imekwisha"

Nilidhani hivyo pia. Kijana niliyeanza naye akiwa darasa la tatu, baba yake alirudi yeye akiwa darasa la sita. Wiki nzima alimwita "yule". Baba alimwamuru kama mtoto wa miaka minane aliyemwacha, na aliyekuwa mbele yake alikuwa na kumi na mmoja, amezoea kumtekea bibi maji kabla ya alfajiri. Nikaendelea kwenda kila Jumamosi. Tulikaa watatu barazani, bila maneno mengi. Jumamosi ya tano baba alitoka ndani na wavu uliochanika, akamwomba mwanawe amshikie upande mmoja.