Vihisi vya Mwendo: Yanayoaminika na Yaliyo Kweli

Wengi huamini kuwa akselerometa, kihisi kidogo kilichomo ndani ya simu janja, hupima mwendo. Ukweli ni kwamba simu iliyolala mezani bila kuguswa husoma takriban mita 9.8 kwa sekunde mraba kuelekea juu, ilhali simu hiyo hiyo ikiponyoka mkononi husoma karibu sifuri hadi itakapogonga sakafu. Kihisi hiki hakiuoni uvutano wa dunia wenyewe. Kinachopimwa ni msukumo wa meza unaoizuia simu isianguke. Ndiyo maana simu iliyotulia hujua chini ni upande upi na kugeuza skrini ipasavyo, na ndiyo maana pia huchanganyikiwa gari linapofunga breki, kwa kuwa kihisi peke yake hakina namna ya kutenganisha mchapuko wa gari, yaani badiliko la kasi yake, na kuinama kwa simu.

Dhana hiyo imezaa nyingine, ambayo huwanasa hata wanafunzi wazuri wa uhandisi: kwamba mchapuko ukijumlishwa mara mbili kwa kufuata muda, utapatikana umbali uliosafiriwa. Kwenye karatasi hesabu hiyo haina kasoro. Katika kifaa halisi, kukosea mwinamo kwa digrii 1 tu huacha mabaki ya uvutano ya mita 0.17 kwa sekunde mraba, na mabaki hayo huhesabiwa kana kwamba ni mwendo. Baada ya sekunde 10 kosa limefika mita 8 na nusu. Baada ya dakika moja limepita mita 300, na simu bado iko mezani. Kununua kihisi cha bei kubwa huchelewesha tu tatizo, kwa sababu kosa hukua kwa mraba wa muda.

Kuhusu jairoskopu, kihisi cha kugeuka, picha inayowajia watu ni ya gurudumu linalozunguka kwa kasi, kama lile ambalo mwanafizikia Mfaransa Foucault alilitumia mwaka 1852 kuonyesha mzunguko wa dunia. Ndani ya simu hakuna gurudumu: kuna kipande cha silikoni kinachotetemeka, na kifaa kinapogeuka nguvu ya Coriolis, inayojitokeza kitu kikisogea ndani ya kifaa kinachozunguka, hukisukuma kando. Kinachopatikana ni kasi ya kugeuka, si pembe. Pembe hupatikana kwa kujumlisha, na kosa dogo la sifuri, yaani kusoma mgeuko wakati kifaa kimetulia, hulimbikizwa humo kila sekunde.

Hapa ndipo panapotajwa kuunganisha vihisi, na wengi hudhani kuwa maana yake ni kutafuta wastani wa vipimo. Wastani wa kipimo kizuri na kibaya ni kipimo kibaya kidogo. Kinachofanyika ni kukiamini kila kihisi pale kisipokosea: jairoskopu kwa mabadiliko ya haraka, akselerometa kwa mwelekeo wa muda mrefu. Katika kichujio sahili, yaani hesabu inayochanganya vipimo hivyo, kila hatua huchukua sehemu 0.98 ya pembe iliyosogezwa na jairoskopu na sehemu 0.02 ya pembe inayotolewa na akselerometa. Kichujio alichokieleza Rudolf Kalman mwaka 1960 hukokotoa uzito huo upya kila mara, kulingana na shaka iliyopo.

Hata hivyo hakuna kichujio kinachoweza kuzua taarifa isiyokuwepo. Kifaa kikizunguka kwenye mhimili wa wima, akselerometa haioni badiliko lolote la mwelekeo wa chini, hivyo pembe ya dira huendelea kupotoka. Magnetometa, kihisi cha uga wa sumaku, husaidia, lakini uga wa sumaku wa dunia ni mikrotesla 25 hadi 65 tu, na spika ya simu au nguzo ya chuma huupotosha kwa urahisi.

Wapo pia wanaoamini kuwa vihisi vikiongezwa, usahihi nao huongezeka. Binafsi ningeanza kwa kukagua kama saa za vihisi hivyo zinalingana. Droni inayogeuka kwa digrii 200 kwa sekunde, ikipokea picha ya kamera iliyochelewa milisekunde 20, huunganisha vipimo viwili vilivyopishana kwa digrii 4, na hakuna hata kimoja kati yake kilicho kibovu.