Farasi Akiugua Tumbo, Tazama na Mkojo Wake

Farasi wa kilo 500 asiyefanya kazi hunywa lita 25 hadi 30 za maji kwa siku. Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi, jua linapochoma kabla mvua haijashika, hunywa zaidi ya hapo. Akishikwa na msokoto wa tumbo huacha kunywa, na akiharisha sana anaweza kumwaga makumi ya lita kwa siku moja. Mwenye farasi hukazia macho tumbo, kwa kuwa ndilo linalomgaragaza. Huku nyuma figo zinaumia.

Maji yakipungua mwilini, damu iliyobaki hupelekwa kwanza kwenye moyo na ubongo, figo zikaachiwa kidogo. Utumbo ukiwa umevimba, sumu za bakteria hupenya hadi kwenye damu na kuzidisha madhara. Mwanzoni hali hurekebika: maji yakirudi, figo nazo hurudi. Farasi akiachwa mkavu, seli za vijifereji vya figo huanza kufa.

Tunachokiona kibaya zaidi ni dawa kuchomwa ovyo. Flunixini, miligramu 1.1 kwa kila kilo ya uzito, ni dawa nzuri ya maumivu ya tumbo, nasi tunaitumia. Lakini hufanya kazi kwa kuzuia prostaglandini, kemikali ambazo mwili hujitengenezea, na hizo ndizo zinazoacha wazi mishipa ya damu ya figo mwili unapokauka. Ukichoma asubuhi, ukarudia mchana, kisha jioni ukaongeza fenilbutazoni, dawa nyingine ya jamii hiyo hiyo, kwa sababu farasi bado anajigaragaza, umezinyima figo damu ile kidogo zilizokuwa zikipata. Isitoshe, umeficha maumivu ya utumbo uliojisokota, ambao sindano haiuponyi. Gentamisini, dawa ya kuua bakteria, nayo hujikusanya ndani ya seli za vijifereji na kuziua. Kwa farasi aliyekauka, daktari arudishe maji kwanza, na isichomwe zaidi ya mara moja kwa siku.

Ukavu unaupima mwenyewe. Bonyeza ufizi kwa kidole hadi uwe mweupe, kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ufizi unaonata, au mapigo ya moyo yanayozidi 60 kwa dakika (ya kawaida ni 28 hadi 44), ni sababu ya kumwita daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Farasi wa kilo 500 aliyepoteza asilimia 8 ya uzito wake anadaiwa lita 40, yaani bidoni mbili kubwa. Chupa mbili tatu za seromu ya watu, yaani maji ya kutundikiwa mshipani, hazifui dafu. Daktari akishahakikisha kwamba tumbo halirudishi maji kupitia mpira wa puani, anaweza kupitisha humo lita 6 hadi 8 kwa mara moja. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo tumbo lililojaa hupasuka. Usimnyweshe kwa chupa mdomoni. Maji huishia kwenye mapafu. Kama daktari hajamkataza kunywa, mwekee ndoo mbili: moja ya maji matupu, nyingine yenye gramu 90 za chumvi katika lita 10. Ile ya maji matupu isiondolewe kamwe.

Sasa mkojo. Wa farasi mzima huwa mzito na wenye ukungu kwa sababu ya chokaa, na wengi hudhani ni usaha. Uchukue kabla ya seromu na kabla ya sindano ya ksilazini, dawa ya kumtuliza farasi, kwani zote mbili huufanya mwepesi. Mtandikie majani mapya makavu. Mara nyingi hukojoa muda si mrefu. Uzito wa mkojo ukilinganishwa na wa maji matupu (1.000) ukizidi 1.030 kwa farasi mkavu, figo bado zinabana maji. Ukiwa 1.008 hadi 1.014 wakati ufizi umekauka, zimeshaumia. Karatasi ya kupimia protini usiiamini sana: mkojo wa farasi una alikali, na huigeuza rangi bure.

Kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu, inaweza kupimwa hata katika maabara ya hospitali ya watu. Ya kawaida ni takriban miligramu 1 hadi 2 kwa desilita. Namba moja haitoshi. Rudia baada ya saa 24 za maji: ikishuka sana, tatizo lilikuwa ukavu, ikigoma, ni figo zenyewe. Nayo hupanda waziwazi figo zikiwa zimeshapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, hivyo kipimo kizuri cha siku ya kwanza hakikupi ruhusa ya kuongeza fenilbutazoni.

Farasi aliyepewa maji ya kutosha na bado hakojoi kwa saa sita au zaidi yuko hatarini. Kope zikianza kuvimba, au uvimbe laini ukitokea chini ya tumbo, maji yanabaki mwilini: punguza seromu, na usiongeze potasiamu yoyote, kwa kuwa isipotoka kwenye mkojo husimamisha moyo.