Pettit Hakusema Hivyo

Nasahihisha insha za muhula, na ile sentensi imerudi tena: "Kwa mujibu wa Philip Pettit, mtu huru ni yule asiyeingiliwa." Hapana! Hiyo ndiyo rai aliyoandika kitabu chake Republicanism (1997) ili kuibomoa. Ni kumvisha mtu kanzu ya hasimu wake.

Ya utangulizi tuyamalize haraka. Pettit ni mwanafalsafa Mwayalandi, mzaliwa wa Ballygar, Galway, 1945. Kasoma Maynooth, kafundisha Dublin, kisha Australia na Princeton. Wala hayuko peke yake. Onora O'Neill wa Ireland ya Kaskazini alitikisa mjadala wa kuaminiana kwa mihadhara yake ya redio ya BBC mwaka 2002, na Richard Kearney wa Cork, mwanafunzi wa mwanafalsafa Mfaransa Ricoeur, anasomwa sana na wanatheolojia. Anayedai falsafa ya Ireland iliishia kwa Berkeley, yule wa karne ya 18, amelala muda mrefu mno.

Sasa Pettit mwenyewe. Kwake mtu huru ni yule asiye chini ya ubwana wa mtu, na hapo yanatoka mambo mawili. Kwanza, unaweza kuingiliwa ukabaki huru. Sheria ya kodi inakuingilia, lakini kama wananchi wana njia ya kweli ya kuihoji na kuibadili, haijakuweka chini ya ubwana wa mtu. Kwa hiyo wanaomwita Pettit shahidi wa kupinga kodi wananichekesha tu.

Linalowashinda watu ni la pili: unaweza usiingiliwe hata siku moja, na bado usiwe huru. Kitabu chake Just Freedom (2014) kinaanza na Nora na mumewe Torvald, wale wa tamthilia ya Ibsen, mwandishi wa Norway. Torvald anampenda mkewe, anamdekeza, anamwachia karibu kila kitu. Anachomkataza ni biskuti za lozi, na hata hizo Nora anazila kwa kificho. Hapo darasani mkono huinuka: "Lakini mwalimu, Torvald hajamfanya kitu!" Ndiyo, hajamfanya. Swali ni nani anayeamua kama atamfanya. Sheria na desturi za Norway ya karne ya 19 zimempa mume rungu, naye ameliegemeza ukutani. Nora anaishi kwa hisani. Kabla ya kuomba hela anausoma kwanza uso wa mume, na akiona umekunjamana anacheka, anabembeleza, anangoja kesho.

Wajanja hujibu kwamba basi ni suala la uwezekano: mume mpole ana uwezekano mdogo wa kuingilia, kwa hiyo uhuru wa mke ni mkubwa. Hoja hiyo ina wenyewe, wanafalsafa Ian Carter na Matthew Kramer, na ni nzito kuliko wanafunzi wangu wanavyoiwasilisha. Lakini itazame inakokwenda. Kadiri Nora anavyojua kujipendekeza, uwezekano unapungua. Basi kila akibembeleza vizuri zaidi anazidi kuwa huru? Kunyenyekea kumegeuka ukombozi! Pettit haafiki, nami siafiki.

Kuna lakini linalonisumbua. Kama uwezo peke yake unatosha, majirani zangu wote wakiungana usiku huu wanaweza kunifunga kamba. Ina maana mimi si huru tangu sasa? Pettit hujibu kwamba kundi ambalo halijaundwa linaweza kuja kuwa bwana, ila bado si bwana. Jibu hilo asubuhi hunitosha, jioni hunipwaya. Vitabu vya utangulizi hulipita kimya.

Na ushawishi wake? Nenda Hispania. Zapatero, waziri mkuu kuanzia 2004 hadi 2011, alitamka hadharani kwamba anafuata ujamhuri wa Pettit, yaani falsafa hiyo ya kutokuwa chini ya ubwana wa mtu. Sheria dhidi ya ukatili kwa wanawake ikapita 2004, ya ndoa za jinsia moja 2005. Wanaosema ni matunda ya kitabu wanatia chumvi: wanaharakati wa huko walizidai sheria hizo bila kumngoja profesa. Alichowapa wanasiasa ni lugha ya kuziunganisha.

Mimi hunivutia jambo jingine. Zapatero alimwomba Pettit aikague serikali yake kabla ya uchaguzi uliofuata, Pettit akaenda, akakagua, na baadaye akayachapisha matokeo kitabuni pamoja na José Luis Martí. Mwanafalsafa wa kupinga maisha ya hisani, akikagua kwa hisani ya anayekaguliwa. Atakayeniandikia insha nzuri juu ya hilo nitamsamehe hata kuchelewesha.