ARDMS haina wanachama

Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau mkono huu na soda mkono ule, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Minnesota, mshereheshaji alipotangaza kwamba binti tuliyekuja kumpongeza "kuanzia wiki hii ni mwanachama wa ARDMS". Vigelegele vikapigwa. Mimi mikono ilikuwa imejaa, nikatabasamu tu. Lakini nimefanya kazi ya ultrasaundi miaka mingi, na hiyo ilikuwa mara ya nne mwaka huu kusikia maneno hayohayo, tena safari hii kwenye kipaza sauti.

Maneno hayo ni makosa, na kuyaeleza hakuhitaji mistari mingi. Anayepima kwa ultrasaundi Marekani huitwa sonografa. ARDMS ni taasisi ya kutahini na kusajili: ukifaulu mitihani yake, jina lako linaingia kwenye rejesta na unaruhusiwa kuandika RDMS baada ya jina lako. SDMS ni chama cha masonografa: unajiunga, unalipa ada, unapata huduma na haki ya kupiga kura. Leseni ni jambo la tatu, nayo ni ruhusa ya serikali ya jimbo. Majimbo mengi hayaidai kwa sonografa. Oregon na New Mexico ni kati ya machache yanayoidai.

Herufi nazo zina lawama zake. SDMS, ARDMS, RDMS: ukizisikia harakaharaka unadhani ni ndugu wa baba mmoja. Tofauti imekaa kwenye herufi moja tu. S inayotangulia kwenye SDMS ni Society, yaani jumuiya. R ya ARDMS ni Registry, yaani daftari la usajili. Chama kilitangulia: kilianzishwa mwaka 1970, kwa jina tofauti na la sasa, na rais wake wa kwanza alikuwa Joan Baker. Rejesta ilikuja mwaka 1975. Chama kina makao yake Plano, Texas. Rejesta iko Rockville, Maryland. Anayezichanganya anachanganya hata anwani za barua.

Lakini mimi kinachonikera zaidi ni Kiswahili chetu, kwa sababu lugha imetupa maneno mawili yaliyo wazi kabisa na sisi tunachukua lisilohusika.

Mwanachama ni mwana wa chama. Hiyo "mwana" ndiyo iliyomo kwenye mwananchi, na inabeba dai zito: mwananchi ana sehemu yake katika nchi, na mwanachama ana sehemu yake katika chama. Mwana ana urithi, ana sauti, anaweza hata kugomba na wazee mezani. Muulize mama yeyote wa Kenya aliye kwenye chama cha kuchangishana atakwambia zamu yake ni lini na nani amechelewesha mchango. Tanzania nako, ukisema "Chama" bila kutaja jina, watu wanajua unakisema kipi, na wanajua kuwa mwenye kadi ana kikao cha kwenda kunung'unikia.

Kusajili ni neno la ukoo mwingine kabisa. Tumelitoa kwenye Kiarabu, sijill, kumbukumbu iliyoandikwa. Neno hilo limo hata katika Qur'ani, Surat Al-Anbiyaa, mbingu zinapokunjwa kama karatasi. Waarabu nao walilipata kwa Wagiriki, na Wagiriki kwa Warumi, ambao sigillum yao ilikuwa alama ndogo ya mhuri. Kwa hiyo ukifukua chini ya "sajili" unakutana na mhuri: mtu mwenye mamlaka amethibitisha, amegonga, jina limeandikwa. Daftari halina wana. Jina lako likiwamo, limo. Likifutwa, limefutwa, na hakuna kikao cha familia cha kulijadili.

ARDMS wenyewe wanaheshimu tofauti hiyo. Waliofaulu hawawaiti wanachama, wanawaita wasajiliwa. Sisi ndio tuliowapandisha cheo.

Mzee mmoja aliyekaa meza yangu alinionyesha ubaya wa neno hilo bila kukusudia. Aliposikia "mwanachama" akaniinamia: "Mwanangu, hicho chama kinachangia misiba?" Nikamwambia hapana, mzee wangu. "Wanakutana lini?" Hawakutani. "Na hela wanatoza?" Kila mwaka. Akatikisa kichwa akamhurumia binti wa watu, eti ameingizwa mjini. Mzee hakukosea hata kidogo. Chama kinachotoza kila mwaka, hakina kikao wala rambirambi, ni utapeli. Ila hakikuwa chama.

Nadhani najua tulikojikwaa. Nyumbani taaluma zinazosikika sana kwenye habari ni za mawakili, na kwa mawakili mambo haya mawili yamefungwa pamoja na sheria: wakili wa Tanzania Bara ni mwanachama wa Tanganyika Law Society apende asipende, na wa Kenya hivyohivyo kwa Law Society of Kenya. Tukalichukua hilo tukalifanya kanuni ya kila kazi. Wauguzi wangetufundisha vizuri zaidi. Muuguzi wa Tanzania husajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga, TNMC. TANNA ndicho chama chake. Hakuna muuguzi atakayekwambia yeye ni mwanachama wa TNMC. Basi ARDMS ikae upande wa baraza, SDMS upande wa TANNA, na hapo umeelewa karibu kila kitu, isipokuwa kwamba baraza ni la kiserikali na ARDMS si chombo cha serikali. Mtu anaweza kusajiliwa kwingine pia: ARRT, ambayo watu wa eksirei wanaijua zaidi, nayo inatoa cheti cha sonografia. Hospitali ndiyo inayoamua inataka herufi zipi.

Sasa, wanachama wa kweli wanapata nini? Hapo ndipo SDMS inapostahili neno. Wanapata jarida la kitaaluma, mkutano wa mwaka, punguzo, na masomo ya kujiendeleza, mengine bila malipo. Wana watu wa kuisemea kazi hii, kwa mfano juu ya maumivu ya bega na kifundo cha mkono yanayotokana na kukandamiza kishikio cha mashine tumboni kwa mtu siku nzima huku mkono umeinuliwa. (Wanaotuona tumekaa kwenye kiti cha magurudumu wanadhani tunapumzika.) Rejesta haikuoni bega lako. Kazi yake ni kumlinda mgonjwa na mtu asiyejua anachokitazama, nayo ni kazi ya heshima, ila si kazi ya chama.

Mahali chama na rejesta vinapokutana ni kwenye pointi za CME, yaani za masomo ya kujiendeleza. Msajiliwa wa ARDMS anatakiwa kukusanya 30 kila miaka mitatu, na kwa kawaida saa moja ya somo ni pointi moja. Chama kinakufundisha, rejesta inakuhesabia. Ukilipa ada ya chama hujalipa ya rejesta. Ukilipa ya rejesta, masomo hayaji yenyewe nyumbani kama bili ya umeme. Namjua dada mmoja, mpimaji mzuri kuliko mimi, aliyelipa ada ya SDMS akaamini amemaliza, kwa sababu kichwani mwake vyote viwili vilikuwa "uanachama". Aligundua siku msimamizi wake alipotafuta jina lake kwenye rejesta na kukuta limelala. Alikaa nje ya zamu mpaka alipolinyoosha jambo hilo, na kodi ya nyumba haikumsubiri.

Nilipomaliza pilau nilimfuata binti mwenye sherehe kumpa mkono. Alikuwa amefaulu mtihani wa fizikia ya mawimbi na mashine, ule unaoitwa SPI, na wa tumbo juu yake. Anayeijua SPI atajua kwa nini nilimshika mkono muda mrefu. Nikamuuliza, kwa upole, ni nani aliyeandika lile tangazo. Akacheka. Alikuwa amemwandikia mshereheshaji "nimesajiliwa na ARDMS", kama inavyotakiwa. Mshereheshaji ndiye aliyekataa. Alisema ukisema "amesajiliwa" kwenye sherehe ya Waswahili, nusu ya ukumbi watadhani ameenda Yanga na nusu nyingine watadhani ni laini ya simu.

Sikuwa na jibu la haraka, maana yuko sahihi. Neno zuri limechukuliwa na dirisha la usajili. Lakini njia haikosekani. "Amefaulu mitihani ya ARDMS na jina lake limeingia kwenye rejesta ya masonografa wa Marekani." Sentensi hiyo ina urefu wa pumzi moja, inapigiwa vigelegele bila shida, na mzee wa meza yangu asingemhurumia mtu. Nimemtumia mshereheshaji, kwa sababu mwezi ujao tuna sherehe nyingine kama hiyo, ya kijana anayepima mishipa ya damu. Amenijibu kwamba ameipenda, akauliza kama anaweza kuongeza mwishoni "na mwanachama wa SDMS", ili isikike nzito. Nimemwambia amuulize kijana kwanza kama ameshajiunga.