Uchakavu wa kupangwa na vifaa vya nyumbani visivyodumu

Uchakavu wa kupangwa ni hali ambapo mwisho wa kifaa hautokani na kuchakaa kwake kwa kawaida, bali na uamuzi uliofanywa mapema na wasanifu au wauzaji kuhusu muda ambao kifaa hicho kitamfaa mnunuzi. Uamuzi huo si lazima uwe wa hila. Mara nyingi hakuna mtu aliyetamka kwamba mashine iharibike baada ya miaka mitano. Kilichotamkwa ni kwamba gharama ipunguzwe, kazi ya kuunganisha kiwandani iende haraka, na vipuri fulani visiuzwe kimoja kimoja. Kwa mwenye nyumba matokeo ni yale yale: kifaa kinakufa kikiwa na sehemu nyingi nzima.

Upo mfano mmoja wa kihistoria ambao hila yake haina ubishi. Mnamo Desemba 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu za umeme, wakiwemo Osram na Philips, walikutana Geneva na kuunda muungano ulioitwa Phoebus, wakakubaliana kuwa balbu ya kawaida iwake kwa saa 1,000 tu, ingawa nyingi za wakati huo ziliwaka kwa saa 1,500 hadi 2,000. Sampuli zilipimwa, na kampuni ambayo balbu zake zilidumu kupita kiwango ilitozwa faini. Waliotetea mpango huo walisema kuwa balbu inayodumu sana hutoa mwanga hafifu kwa umeme ule ule, na kwa upande wa fizikia hawakukosea, lakini ni vigumu kuona kwa nini hoja ya kitaalamu ihitaji faini ili kutekelezwa.

Vifaa vya leo havina ushahidi wa namna hiyo, na ndiyo maana inafaa kuvifungua na kutazama ndani. Chukua mashine ya kufulia. Dramu ya chuma tunayotia nguo inazunguka ndani ya pipa la plastiki ambalo mtumiaji halioni, na mhimili wake unapita nyuma katika beringi, yaani pete za chuma zinazouwezesha kuzunguka kwa ulaini, zinazokingwa na sili ya mpira, yaani mkanda unaozuia maji kupenya. Sili ikichoka, maji ya sabuni hupenya, grisi inaoshwa, beringi zinapata kutu, na mashine inaanza kunguruma kila inapokamua nguo. Katika miundo ya zamani pipa lilikuwa vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti, hivyo fundi alilifungua, akazing'oa beringi, akapachika mpya pamoja na sili yake, na mashine ikarudi kazini. Katika miundo mingi ya sasa vipande hivyo viwili vimeunganishwa kwa kuyeyushwa, havifunguki, na beringi haziuzwi peke yake; mwenye mashine analazimika kununua pipa zima pamoja na dramu yake, kwa bei inayokaribia ya mashine mpya. Wapo mafundi wanaolikata pipa kwa msumeno kufuata mstari wa kiungo, wakabadilisha beringi, kisha wakalifunga tena kwa skrubu na silikoni. Kwamba ukarabati huo hufanya kazi unaonyesha kuwa kilichoua mashine si beringi, bali namna pipa lilivyofungwa.

Bodi ya elektroniki nayo ina habari yake. Kapasita, yaani vipande vidogo vinavyohifadhi umeme kwa muda, zikiwa na maji ya kemikali ndani huzeeka kwa joto, na kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa takribani nusu. Kuiweka bodi mahali penye joto na unyevunyevu, kwa sababu tu ndipo waya unapokuwa mfupi, ni kuukata umri wa kifaa bila kukusudia ubaya wowote.

Hata hivyo, si kila lalamiko kuhusu vifaa vya sasa lina msingi. Majokofu ya zamani tunayoyasifu ni yale yaliyobaki. Yaliyokufa mapema hakuna anayeyakumbuka. Yalikuwa pia ghali zaidi kwa kulinganisha na mishahara ya wakati wake, na yalikula umeme mwingi kuliko ya sasa. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya shirika la mazingira la serikali ya Ujerumani ulikuta kuwa miongoni mwa vifaa vikubwa vya nyumbani vilivyobadilishwa kwa vipya, vile vilivyoondolewa kwa hitilafu kabla ya kutimiza miaka mitano viliongezeka kutoka asilimia 3.5 mwaka 2004 hadi asilimia 8.3 mwaka 2012. Watafiti hao hao hawakupata ushahidi wa kasoro zilizopandikizwa makusudi. Kwa hiyo kushuka kwa uimara kupo, lakini njama ya siri haijathibitika, na anayeyachanganya mambo haya mawili huwarahisishia watengenezaji kazi ya kujitetea.

Panapotisha zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye vifaa janja, yaani vile vinavyounganishwa na intaneti. Hapa umri wa kifaa hautegemei chuma wala mpira, bali seva ya kampuni, yaani kompyuta ya mbali inayokihudumia kifaa, na seva huzimwa kwa uamuzi wa siku moja. Mwaka 2016 kampuni ya Nest, iliyokuwa chini ya Alphabet, kampuni mama ya Google, ilizima huduma ya Revolv, kifaa cha kuendeshea taa na kufuli za nyumbani kilichokuwa kimeuzwa kwa karibu dola 300. Hakuna kilichovunjika ndani yake. Kiliacha tu kufanya kazi. Jokofu lenye kioo cha kugusa mlangoni linaweza kupoza chakula kwa miaka 15, ilhali programu ya kioo hicho ikaacha kupata masasisho baada ya miaka michache, na kuanzia hapo mlango una dirisha la kompyuta iliyozeeka, lisiloondoleka na pengine lisilo salama.

Ujanja usio na haja una mfano wake maarufu, nao ni Juicero, mashine ya juisi iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2016 kwa dola 699. Ilihitaji waifai, na ilisoma alama iliyochapishwa kwenye mfuko wa matunda yaliyokatwakatwa kabla ya kukubali kuukamua. Mwezi Aprili 2017 waandishi wa shirika la habari la Bloomberg walionyesha kuwa mfuko huo unakamulika kwa mikono mitupu, karibu kwa kasi ile ile, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ilifungwa. Si kila kiunganishi cha intaneti ni upuuzi wa kiwango hicho: kipimo kinachotoa taarifa friza inapopata joto kinaokoa chakula. Njia ya haraka ya kutofautisha ni kuuliza kama kifaa kinafanya kazi yake ya msingi intaneti ikikatika, na kama vitufe vyake vinatosha bila simu.

Sheria zimeanza kuligusa jambo hili kwa njia mbili tofauti. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2015, iliufanya uchakavu wa kupangwa kuwa kosa la jinai lenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka miwili na faini ya euro 300,000, lakini mshtaki lazima athibitishe nia, na nia ndiyo isiyoandikwa popote. Umoja wa Ulaya ulichagua njia isiyouliza nia. Tangu Machi 2021 watengenezaji wa mashine za kufulia wanatakiwa kuendelea kutoa vipuri vilivyoorodheshwa kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya muundo husika kuingizwa sokoni, na vipuri hivyo viweze kubadilishwa kwa zana za kawaida bila kukiharibu kifaa. Vingi kati yake hutolewa kwa mafundi wa kitaalamu tu, na hakuna bei ya juu kabisa iliyowekwa, hivyo kipuri kinaweza kuwepo kisheria na bado kikamshinda mwenye mashine.