Asiyelia huenda hajapona, huenda pia yu mzima

Goma, mashariki mwa Kongo, utasikia mara nyingi: baada ya janga, mwenye moyo mgumu husahau upesi, anayeendelea kushtuka ni mwoga tu. Si kweli.

Chukua usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na lava kuteketeza nyumba za Buhene, pembezoni mwa mji. Majirani wawili waliokimbia pamoja wanaweza kubaki na kumbukumbu tofauti kabisa. Mtu wa wasiwasi tangu utotoni yuko katika hatari kubwa zaidi, maana hulirudia tukio kichwani mpaka yale ya kutisha yanafunika mengine. Lakini tabia huongeza uwezekano tu, haimhukumu mtu.

Na wakimya je? Hapa ndipo wengi tunapokosea. Yuko mkimya aliye sawa kweli: tafiti za mwanasaikolojia George Bonanno wa Marekani zimeonyesha kuwa watu wengi hustahimili msiba bila kuvurugika kwa muda mrefu. Kumlazimisha huyo aseme yote kunaweza hata kumdhuru. Yuko pia anayekwepa: hapiti tena njia ile, hataki mlima utajwe. Huyu kumbukumbu anayo, na kukwepa humchelewesha kupona.

Kinacholemea zaidi pengine ni yanayofuata: je, ana wa kukaa naye, au anaambiwa "jikaze, mama, wengine wamepoteza zaidi"? (Maneno hayo tunayapenda mno.) Katika mji ulioingiwa na waasi wa M23 Januari 2025, kushtukia mlio si ugonjwa. Ila kukosa usingizi na jinamizi vikipita mwezi, amwone mwanasaikolojia, awe mkimya au msemaji.